Kuhesabu Kikohozi Mlangoni
Mhadhara kuhusu ufuatiliaji wa virusi vya njia ya hewa Kibera na Kawangware

Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kupatikana kwa mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini: msafiri aliyekuwa amerejea kutoka Marekani kupitia London. Wakenya wengi huikumbuka siku hiyo kwa yaliyofuata. Shule zilifungwa, kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, na kuanzia tarehe 6 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi. Ni wachache wanaoikumbuka maabara iliyotoa majibu yale. Ilikuwa maabara ya Kituo cha Kitaifa cha Homa ya Mafua, iliyoandaliwa miaka mingi kabla kwa ajili ya ugonjwa ambao watu hawauoni hata kuwa sababu ya kukosa kazini.

Baada ya hapo taifa zima likazoea kusubiri tarakimu kila alasiri. Wamepimwa wangapi, wameambukizwa wangapi, wamefariki wangapi, kaunti ipi, mtaa upi. Tarakimu hizo zilifunga masoko na kufungua makanisa, zikaamua nani atavuka kizuizi cha barabarani na nani atarudishwa. Kwa hiyo ni haki kuuliza zilikuwa zikihesabu nini.

Mhadhara huu una hoja moja. Idadi ya wagonjwa inayotoka hospitalini huonyesha kwanza ni nani aliyeweza kufika hospitalini. Anayetaka kujua virusi vya njia ya hewa vimefika wapi katika jiji kama Nairobi hana budi kwenda hadi mlangoni kwa mtu, aanze kwenda miaka kabla ya janga, na asiende mikono mitupu. Mtaa wa Kibera ni ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana. Kawangware, mwezi Mei 2020, ilionyesha hasara ya kutolifanya.

Safari ya mgonjwa

Mtoto wa Gatwekera, kijiji cha Kibera, akianza kukohoa usiku, hospitali si wazo la kwanza la mama yake. Atampa maji ya moto yenye ndimu au tangawizi. Asubuhi ataenda kwa kemisti wa karibu, ambako vidonge huuzwa viwili vitatu kulingana na pesa iliyopo mkononi. Siku ya tatu, homa isiposhuka, atafunga kibanda chake na kwenda zahanati. Mtoto akianza kuvuta pumzi kwa shida, kifua kikiingia ndani, ndipo itatafutwa nauli ya Hospitali ya Mbagathi au ya Kenyatta.

Katika kila hatua ya safari hiyo kuna wanaobaki nyuma. Mmoja amepona, mwingine amekosa nauli, wa tatu hawezi kuacha kibarua cha siku hiyo, wa nne amefia nyumbani. Daftari la hospitali humwandika yule tu aliyefika mwisho.

Ufuatiliaji wa hospitalini una kazi yake, na Kenya imeufanya kwa bidii. Tangu mwaka 2006 Wizara ya Afya, pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, wamekuwa wakichukua sampuli za pua na koo kutoka kwa wagonjwa katika hospitali kubwa za Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Kakamega na Garissa, na hata katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. Ndivyo nchi ilivyojua ni aina gani ya virusi vya mafua inayozunguka na lini imebadilika. Lakini hospitali hupokea watu kutoka kila upande. Daktari wa Kenyatta anaweza kujua kwamba wiki hii amewapokea watoto 40 wenye nimonia. Hajui watoto hao wametoka katika mtaa wa watoto 1,000 au 100,000, na bila kujua hilo hawezi kusema kama mtaa huo una janga au una msongamano wa kawaida tu.

Kaya zenye nambari

Kati ya mwaka 2005 na 2006, KEMRI na CDC walianza kazi ya namna nyingine katika sehemu mbili: Asembo, kando ya Ziwa Victoria katika Siaya, na vijiji viwili vya Kibera, Gatwekera na Soweto Magharibi. Kila kaya iliyokubali ilipewa nambari, na kila mtu wa kaya hiyo akaandikwa umri na jinsia yake. Kibera peke yake daftari lilikuwa na watu wapatao 25,000 hadi 30,000, wote wakiishi karibu kilomita moja au chini ya hapo kutoka kliniki moja.

Kisha wadadisi waliofunzwa wakaanza kubisha hodi. Kwa miaka mingi walipita kila baada ya wiki mbili wakiuliza maswali yale yale. Nani amekohoa? Nani amepata homa? Nani amepumua kwa shida? Nani ameharisha? Alitafuta matibabu wapi? Majibu yaliingizwa kwenye kompyuta ndogo za mkononi, wakati ambapo simu za kisasa zilikuwa hazijaenea mitaani. Mdadisi alipomkuta mgonjwa, alimpima joto na kuhesabu pumzi zake kwa dakika, maana kwa mtoto mdogo kasi ya pumzi ndiyo dalili ya mapema ya nimonia.

Kazi hiyo ilifanyika mahali ambapo hata ramani ilikuwa haijafika. Hadi mwaka 2009, wakati vijana wa mradi wa Map Kibera walipozunguka na vifaa vya GPS na kuchora vichochoro, mabomba, shule na vyoo, ramani nyingi za jiji ziliiacha Kibera kama sehemu tupu. Idadi ya wakazi nayo ilibishaniwa. Wapo waliosema milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070, na ile ya 2019 ikahesabu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra. Penye ubishi mkubwa namna hiyo kuhusu idadi ya watu, hakuna hesabu ya ugonjwa inayoweza kusimama. Vijiji viwili vilivyoandikwa kaya kwa kaya vikawa mahali pa nadra katika Nairobi ambapo mtu angeweza kusema kwa hakika: katika watu 1,000 wa hapa, wangapi wameugua mwezi huu?

Matunda yalionekana haraka, hata nje ya magonjwa ya kifua. Watafiti walipohesabu homa ya matumbo kwa njia hii, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Kibera ilionekana kuwa na wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Asembo 29. 

Kwa nini watu walifungua milango, na kuendelea kuifungua mwaka baada ya mwaka? Jibu liko katika kliniki yenyewe. Inaitwa Kliniki ya Tabitha, kwa kumbukumbu ya Tabitha Atieno Festo, muuguzi na mjane wa Kibera. Mwaka 2000 alipewa shilingi 2,000 hivi na mwanafunzi wa Marekani, Rye Barcott. Akazitumia kuuza mboga, na faida aliyopata akaifungulia kliniki nyumbani kwake. Yeye, Barcott na Salim Mohamed ndio walioanzisha shirika la Carolina for Kibera mwaka 2001. Tabitha alifariki mwaka 2004, lakini kliniki ilikua, na ufuatiliaji ulipoanza ukashikana nayo. Kila aliyeandikwa katika daftari aliweza kutibiwa hapo magonjwa ya kuambukiza bila malipo, saa yoyote ya kazi, awe amechukuliwa sampuli au hakuchukuliwa.

Mapatano hayo ndiyo yaliyobeba kazi yote. Mtu alitoa dakika 10 za wakati wake na habari za nyumba yake, na mtoto wake akapata daktari. Nimonia ya mtoto aliyetibiwa bure haikuwa takwimu tu kwa mama yake.

Kilichokuwa puani

Kuanzia mwaka 2007, wagonjwa wa kliniki waliokuwa na dalili za mafua au nimonia walichukuliwa sampuli za pua na koo, na maabara za KEMRI zikatafuta chembe za urithi za virusi mbalimbali: mafua ya aina A na B, adenovirusi, parainfluenza, metanyumovirusi, na virusi vinavyojulikana kwa kifupi cha RSV, ambavyo huziba vijia vyembamba vya hewa vya watoto wachanga.

Moja ya mambo yaliyothibitishwa ni kwamba mafua hayana likizo Kenya. Ulaya na Marekani huja na baridi kali kisha hutoweka. Kenya, nchi iliyokatwa na ikweta, huyaona karibu mwaka mzima, yakipanda na kushuka zaidi ya mara moja. Jambo hili linagusa uamuzi wa bajeti moja kwa moja. Chanjo ya mafua hutengenezwa mara mbili kwa mwaka, moja kwa msimu wa kaskazini mwa dunia na nyingine kwa wa kusini, na nchi ya katikati lazima ichague ipi na lini. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wanaoishauri serikali kuhusu chanjo lilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe mafua. Ushauri huo ulitokana na miaka ya kuhesabu, ikiwemo ya Kibera na Asembo, ambako watoto walipewa chanjo hiyo bure kwa misimu mitatu kuanzia 2010 ili kupima kinga yake. Hata hivyo, chanjo ya mafua bado haijaingia katika ratiba ya kawaida ya mtoto wa Kenya.

Janga la 2009 lilikuwa jaribio la kwanza. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la mafua ya H1N1, ambayo watu waliyaita homa ya nguruwe, tarehe 11 Juni. Tarehe 29 mwezi huo huo Kenya ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu na wenzake. Virusi vilipoingia katika jamii, Kibera ilikuwa tayari na kumbukumbu za miaka miwili ya mafua ya kawaida, kwa hiyo mpya na ya zamani ziliweza kulinganishwa katika nyumba zile zile. Sehemu nyingi za Afrika hazikuwa na cha kulinganisha.

RSV inastahili kusemwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoua bila jina. Makadirio ya mwaka 2019 yanaonyesha kwamba virusi hivi vilihusika na vifo vya zaidi ya watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano duniani, karibu wote katika nchi maskini na za kipato cha kati. Mama wa Kibera huambiwa mtoto ana kichomi, basi. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, wakiwemo Patrick Munywoki na James Nokes, walifuatilia kaya 47 zenye watu 493 mnamo 2009 na 2010, wakichukua sampuli za pua mara mbili kwa wiki, za wagonjwa na wazima. Walitaka kujua nani humpelekea mtoto mchanga virusi hivi. Zaidi ya nusu ya maambukizi ya watoto wachanga yalitoka ndani ya nyumba, na waliovileta mara nyingi walikuwa ndugu wakubwa, hasa wanaokwenda shule.

Peleka matokeo hayo katika chumba cha futi 10 kwa 10 cha Soweto Magharibi, ambako ndugu wanne hulala kitanda kimoja na jiko la mafuta ya taa liko hatua mbili kutoka kitandani. Ushauri wa kumtenga anayekohoa hauna pa kutekelezwa. Kinachobaki ni kumkinga mtoto kabla hajakutana na virusi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizipendekezea nchi zote njia mbili: kumchanja mama mjamzito, au kumpa mtoto kingamwili. Nchi itakayoamua kununua au kutonunua itahitaji kujua watoto wake wangapi huugua, na idadi hiyo haipatikani pasipo kaya zilizohesabiwa.

Dunia iliyojifunza kwa kuchelewa

Kuna waliotumaini kwamba kompyuta zingeokoa kazi hii ya miguu. Mwaka 2008 Google ilizindua huduma ya kukisia mafua kwa kutazama maneno ambayo watu huyatafuta kwenye intaneti. Haikuona wimbi la kwanza la homa ya nguruwe mwaka 2009. Msimu wa 2012 na 2013 ikakadiria mafua mengi mno kuliko yaliyokuwepo, na mwaka 2015 ikafungwa. Watu hutafuta kile wanachokiogopa, na hofu haiendi sambamba na virusi.

Wengine wametegemea maji taka, na kwa haki. Mwaka 2018 sampuli ya maji taka ya Kamukunji ilifichua virusi vya polio kabla mtoto yeyote wa Nairobi hajapooza. Lakini njia hiyo huhitaji bomba. Sehemu kubwa ya vyoo vya Kibera ni vya shimo, na haviungani na bomba lolote. Mtaa usio na mfereji wa maji taka hauonekani katika chupa ya maabara.

Uingereza, yenye huduma ya afya ya taifa inayomfikia kila mtu, nayo iligundua mwaka 2020 kwamba takwimu za hospitali hazitoshi. Aprili mwaka huo ofisi yake ya takwimu ikaanza kuwatembelea watu majumbani, wagonjwa na wazima, na kuwapima kwa ratiba. Uchunguzi huo uliendelea hadi Machi 2023 na ulihesabiwa miongoni mwa kazi bora za janga zima. Wazo lake la msingi, kwamba ugonjwa uhesabiwe pale watu wanapoishi, lilikuwa limetumika Gatwekera kwa zaidi ya miaka kumi.

Hema la Kawangware

Kawangware imo Dagoretti, magharibi mwa jiji. Barabara ya Gitanga huiunganisha na Lavington, na kila alfajiri mtiririko wa watu hupanda upande huo kwa miguu: wafanyakazi wa nyumbani, walinzi, mafundi, wafua nguo. Jioni hurudi, wakipita stejini 46 ambako matatu, wauza nguo za mitumba na mama mboga hugombea kila futi ya barabara. Virusi vilivyoingia Kenya kwa ndege na kushukia katika mitaa ya wenye pasipoti vilikuwa na njia fupi ya kufika hapa. Wizara ililiona hilo. Mwanzoni mwa Mei 2020 Kawangware ikachaguliwa kuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza ya upimaji wa watu wengi, hemani na bila malipo.

Waliojitokeza walikuwa wachache sana kuliko waliotarajiwa.

Viongozi walilalamika kwamba watu hawajali. Mashahidi wa siku zile wanaonyesha jambo tofauti: watu walikuwa wamepiga hesabu. Aliyeonekana na virusi, pamoja na wote aliokuwa karibu nao, angepelekwa karantini. Huko waliokwisha kupelekwa walikuwa wakidaiwa shilingi 2,000 na zaidi kwa siku, na wengine walizuiliwa hata baada ya muda wao kwisha kwa sababu hawajalipa. Mwezi Aprili watu kadhaa waliruka ukuta wa karantini iliyokuwa katika chuo cha KMTC, Nairobi. Kwa kibarua anayepata shilingi mia chache siku akipata kazi, pamba ile ya puani ilikuwa hati ya deni. Usiku wa tarehe 30 Machi mvulana wa miaka 13 alikuwa ameuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumbani kwao, mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, wakati polisi wakitekeleza kafyu. Serikali iliyokuja na hema mchana ilikuwa ile ile iliyokuja na bunduki usiku.

Tena kulikuwa na njaa. Tarehe 10 Aprili watu walikanyagana Kibera wakigombea msaada wa chakula. Watafiti waliowahoji kwa simu wakazi wa mitaa mitano ya mabanda ya Nairobi, Kibera ikiwemo, mwanzoni mwa Mei, waliambiwa na asilimia 86 kwamba wamepoteza mapato yote au sehemu, na asilimia 74 walikuwa wakila kidogo au kuruka mlo kwa kukosa pesa. Watu hao hao walikuwa wamepunguza kukutana na wenzao kwa zaidi ya nusu. Walitii kwa gharama ya chakula chao. Kuwaita wasiojali ni kuwadhulumu.

Mwezi huo huo wa Mei serikali ilitangaza kwamba itabeba gharama za karantini katika vituo vya umma, na Juni ikatoa mwongozo wa kuwahudumia wagonjwa wasio mahututi nyumbani. Maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi. Yangalikuja kabla ya hema, matokeo ya Kawangware yangalikuwa mengine.

Tofauti ya Kawangware na vijiji vile viwili vya Kibera haiko katika tabia za watu. Nyumba ni zile zile za mabati, kodi hulipwa kwa mwezi kwa landilodi yule yule asiyeonekana, maji hununuliwa kwa mtungi. Kibera mdadisi alikuwa amebisha hodi kwa karibu miaka 15 na kliniki ilikuwa wazi nyuma yake. Kawangware mpimaji alikuja mara moja, akiwa amevaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na nyuma yake lilikuwepo basi la karantini.

Yaliyoonekana Desemba

Ishara ya kwanza kwamba tarakimu za alasiri zilikuwa ndogo mno ilitoka kwenye damu. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Sophie Uyoga walipima kingamwili katika sampuli zaidi ya 3,000 za damu iliyotolewa na wachangiaji nchini. Walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu walikuwa wameshaambukizwa. Wakati huo wagonjwa waliothibitishwa walihesabiwa kwa maelfu machache. Kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 47, asilimia hiyo ilimaanisha watu wapatao milioni mbili.

Mwezi Novemba uchunguzi wa kaya za Nairobi ukapata asilimia 34.7. Kisha Desemba, Patrick Munywoki, yule yule aliyefuatilia pua za Kilifi, na wenzake walirudi katika kaya zilizoandikwa za Kibera. Walipima damu ya watu 523, wakubwa kwa wadogo. Asilimia 43.3 walikuwa na kingamwili za virusi vya korona.

Tarakimu hiyo inafaa kutazamwa kwa utulivu. Tuseme, kwa kukadiria tu, kwamba kiwango cha vijiji viwili kingekuwa cha kaunti ndogo yote ya Kibra. Walioambukizwa wangekuwa karibu 80,000. Mwisho wa mwezi huo idadi rasmi ya wagonjwa wa Kenya nzima, kutoka Mombasa hadi Turkana, ilikuwa kidogo juu ya 96,000. Wimbi lilikuwa limepita juu ya Kibera, likaingia vyumbani, likatoka, na vitabu vya taifa havikuandika sehemu kubwa yake. Watu wengi walikuwa vijana na hawakuugua sana. Waliougua walikaa nyumbani. Waliofia nyumbani walizikwa ushago bila kupimwa.

Kazi iliyobaki

Ufuatiliaji wa mlangoni una mipaka yake. Watu huhama: ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziling'oa familia nyingi Kibera, na bomoabomoa na kodi huendelea kuzing'oa. Wanaume hawapo nyumbani mchana. Mtu husahau kikohozi cha wiki iliyopita. Vijiji viwili si Kibera nzima, sembuse Nairobi. Na kuna swali la haki ambalo watafiti wa kweli hawalikwepi: mtaa uliotoa sampuli kwa miaka yote hii umerudishiwa nini, zaidi ya dawa? Chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011 ni jibu mojawapo, kwa kuwa Kibera ilisaidia kupima ilivyofanya kazi. Chanjo ya mafua iliyopendekezwa mwaka 2016 ni deni ambalo halijalipwa.

Kuna deni lingine, la nchi kwa nafsi yake. Sehemu kubwa ya fedha za kazi hii ilitoka Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi ya afya Afrika nzima ikatikiswa ndani ya siku chache. Nchi ambayo uwezo wake wa kuona ugonjwa unaweza kuzimwa na ofisi iliyo ng'ambo ya bahari haijajiandaa kwa janga lijalo, hata ikiwa na maabara bora kiasi gani.

Nyenzo za kujitegemea zipo. Septemba 2023 Kenya ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akipewa mkoba wa vifaa, kipimajoto kikiwemo, na simu ya kuandikia kaya anazozitembelea. Kawangware wanao, na Kibera wanao. Hawa tayari wanabisha hodi. Kinachohitajika ni kuwafundisha kuhesabu pumzi za mtoto na kuuliza yale maswali matano ya Kibera kwa ratiba, na kuwalipa posho yao kwa wakati, maana anayelipwa kwa kuchelewa hawezi kuulizwa kwa nini amechelewa kutoa habari. Wachache kati yao, katika kaya zilizochaguliwa vizuri Kawangware, Kibera, Mathare na Mukuru, wachukue sampuli za pua kila wiki na kuzipeleka kwenye maabara ile ile ya mafua iliyomtambua mgonjwa wa kwanza wa 2020. Kila kaya iliyochaguliwa ipewe kadi ya matibabu ya bure ya magonjwa ya kifua katika kituo cha karibu, na gharama hiyo iwe katika bajeti ya kaunti.

Na matokeo yarudi mtaani. Ofisi ya chifu, kanisa, msikiti, shule na redio za mtaa kama Pamoja FM ya Kibera ziambiwe kila mwezi, kwa Kiswahili, virusi gani vimepatikana na wazazi wafanye nini. Sheria iseme waziwazi kwamba jina la aliyepimwa halitapelekwa polisi, na kwamba mtu hatadaiwa hata shilingi moja kwa sababu ya kukubali kupimwa. Hilo lipitishwe bungeni sasa, wakati hakuna kafyu wala hema, ili wapimaji watakapofika tena Kawangware wakazi wawe na karatasi ya kuwaonyesha.